Stashahada ya malezi na elimu ya awali: nilichokipata chuoni na nilichokikosa

Nilijiunga na chuo kusomea stashahada ya malezi na elimu ya awali nikiwa tayari nimefanya kazi kwa miaka minne kama msaidizi katika kituo cha kulelea watoto. Kwa hiyo sikuingia darasani nikiwa mgeni wa kelele, wa pua zinazochuruzika kamasi, wala wa mtoto anayeung'ang'ania mguu wa mzazi wake mlangoni asubuhi. Nilichokuwa nakitafuta ni kile nilichoona wenzangu waliosoma wanacho na mimi sina, yaani uwezo wa kueleza kwa nini mtoto amefanya alichokifanya, na kwa nini hatua moja ya mlezi humtuliza ilhali nyingine humchochea. Miaka miwili imekwisha na cheti nimekipata. Kwa kuwa watu wengi wanaoifikiria njia hii huniuliza kama masomo haya yanastahili muda unaotumika, naandika tathmini yangu kwa ukamilifu bila kukitaja chuo, maana kasoro nyingi nitakazozieleza nimezisikia pia kwa waliosoma kwingine.

Jibu fupi ni kwamba yanastahili, ila manufaa yake hayakuenea sawasawa katika ratiba. Karibu kila ninachokitumia kazini leo kilitokana na saa nilizokaa kwenye kiti kidogo pembeni mwa chumba cha watoto, daftari mkononi na mkufunzi nyuma yangu. Saa hizo zilikuwa chache mno zikilinganishwa na zile tulizotumia kunakili maelezo ubaoni.

Somo lililozaa saa hizo liliitwa kutazama na kurekodi makuzi ya mtoto, na kwenye orodha ya masomo lilionekana la kawaida kiasi kwamba baadhi yetu tulilichukulia kuwa la kupumzikia. Zoezi la kwanza lilitutaka tumtazame mtoto mmoja kwa dakika 10 na kuandika kila anachokifanya. Nilirudi na ukurasa mzuri, kwa macho yangu, ulioanza hivi: mtoto alifurahi sana kuchezea maji, kisha akachoka, akawa mkorofi na kumpiga mwenzake. Mkufunzi alizungushia wino mwekundu maneno manne, alifurahi, akachoka, mkorofi na kumpiga, kisha akaandika pembeni swali moja: umeyaona wapi? Nilikasirika kidogo, maana nilidhani miaka minne ya kazi ilikuwa imenipa haki ya kusema mtoto amefurahi.

Kesho yake nilirudi katika chumba kilekile, kwenye beseni lilelile la maji, nikamtazama mtoto yuleyule. Safari hii niliandika kwamba alishika kikombe kwa mikono miwili na kumimina maji katika chupa yenye mdomo mwembamba. Kwamba maji mengi yalimwagika nje. Kwamba aliitazama chupa, akaitazama sakafu, akakiweka kikombe chini na kuchukua kingine kidogo zaidi. Kwamba alimimina tena taratibu, ncha ya ulimi ikiwa imetoka nje ya midomo. Na kwamba mwenzake aliponyoosha mkono kuichukua chupa, alimsukuma begani bila hata kumtazama, macho yakiwa bado kwenye chupa. Nilipoisoma tena, yule mkorofi wangu hakuwamo. Aliyekuwamo ni mtoto aliyekuwa katikati ya jaribio lake, amekwishagundua kwamba kikombe kidogo humwaga maji machache, na mtu akaja kumharibia. Mlezi anayeona ukorofi atamwondoa kwenye beseni, lakini mlezi aliyesoma ukurasa huo wa pili ataleta chupa nyingine. Kwa ukurasa huo mmoja tu, muhula mzima ulikuwa umeshanilipa.

Baadaye tulifundishwa njia nyingine za kurekodi, ikiwemo ile ya kuangalia kila baada ya dakika mbili na kuandika mtoto yuko wapi na anafanya nini na nani. Hapo ndipo uainishaji wa michezo ya watoto, kuanzia ya peke yake hadi ya kushirikiana, uliochapishwa na mtafiti Mildred Parten mwaka 1932 ulipopata maana. Nilikuwa nimemweka mtoto mmoja katika kundi la wapweke kwa sababu hakujiunga na wenzake. Rekodi yangu ya nusu saa ilionyesha kwamba mara nyingi alikuwa hatua moja tu kutoka walipokuwa wenzake, akiwauliza maswali na kuwakumbusha kanuni za mchezo ambao hakuucheza. Kwa Parten huyo ni mtazamaji, si mtoto anayecheza peke yake, na tofauti hiyo si ya jina tu, kwa sababu mtazamaji huwa anajifunza mchezo kabla ya kuuingia. Mkufunzi alisisitiza pia kwamba aina hizo si ngazi ambayo mtoto akishapanda hashuki tena, kwani hata mtoto mkubwa mwenye marafiki wengi huwa na saa zake za kutaka kujenga mnara wake peke yake.

Sasa nije kwenye nadharia, ambako malalamiko yangu ni makubwa zaidi. Mwaka wa kwanza tulifundishwa Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeeleza jinsi fikra za mtoto zinavyokua, kama watu wanavyokaririshwa vituo vya basi: hatua nne, umri wa kuanzia na wa kumalizia, basi. Mtihani uliuliza hatua hizo na sote tukafaulu, na nina hakika hakuna hata mmoja kati yetu ambaye siku iliyofuata alimtazama mtoto kwa jicho tofauti. Kilichonisikitisha nilipokuja kukijua baadaye ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya Piaget kuhusu watoto wachanga ilitokana na kuwatazama watoto wake mwenyewe watatu, tangu walipokuwa wachanga, na kuandika kwa makini walichokifanya. Kwa maneno mengine, alikuwa akifanya zoezi letu la daftari. Lau mtu angetuambia hivyo siku ya kwanza, masomo mawili yaliyofundishwa kama majirani wasiosalimiana yangekuwa somo moja.

Mkufunzi wa mwaka wa pili alijaribu kurekebisha hali hiyo, na kipindi chake kimoja ndicho bora kuliko vyote nilivyohudhuria. Alitutuma tukafanye lile jaribio maarufu la maji: glasi mbili zinazofanana zenye maji sawa, kisha maji ya glasi moja yanamiminwa katika glasi ndefu nyembamba mbele ya macho ya mtoto. Wa miaka minne niliyemuuliza alinionyesha glasi ndefu bila kusita na kusema ina maji mengi zaidi. Wa miaka saba alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili, akasema ni yaleyale, kwani si umeyamimina sasa hivi? Tuliporudi darasani tukijivuna kwamba Piaget, aliyesema mtoto mdogo hudhani kiasi hubadilika umbo likibadilika, amethibitishwa, mkufunzi alitueleza kazi ya James McGarrigle na Margaret Donaldson ya miaka ya 1970, ambayo iliuliza swali la aina hiyo kwa kutumia safu mbili za vitu vidogo. Safari hii safu haikuvurugwa na mtu mzima bali na mwanasesere dubu mtundu aliyeparamia mchezo, na watoto wengi zaidi wa umri uleule walijibu kwamba idadi haijabadilika. Mtoto anaposhuhudia mtu mzima akibadilisha kitu kwa makusudi kisha kumuuliza swali lilelile mara ya pili, huweza kudhani kwamba anatakiwa kubadilisha jibu. Tangu siku hiyo najihadhari sana na namna ninavyowauliza watoto maswali, na naona aibu nikikumbuka ni mara ngapi nilimuuliza mtoto "una hakika?" mpaka akaliacha jibu sahihi.

Vygotsky naye, mwanasaikolojia wa Kirusi, alipewa kurasa mbili katika kabrasha letu, na moja ilikuwa na kosa. Tuliandikiwa kwamba ndiye aliyelileta wazo la kiunzi, yaani msaada unaowekwa na kuondolewa kama majukwaa anayosimamia fundi mpaka ukuta usimame wenyewe. Vygotsky alifariki mwaka 1934, na istilahi hiyo ililetwa katika somo hili na watafiti Wood, Bruner na Ross mwaka 1976. Mawazo yanaoana, sikatai, lakini chuo kinachowadai wanafunzi usahihi wa tarehe katika rekodi ya mtoto hakipaswi kukosea miaka arobaini na zaidi katika kabrasha lake. Kuhusu lile eneo la ukuaji wa karibu, yaani yale ambayo mtoto bado hayawezi peke yake ila huyaweza akisaidiwa kidogo, wazo ambalo ni lake kweli, maelezo ya kabrasha yalinipita kabisa. Nilikuja kulielewa kwa mwalimu mlezi wangu wakati wa mafunzo kwa vitendo. Mtoto alikuwa anahangaika na zipu ya koti, mimi nikainama nimfungie. Mwalimu akanizuia, akashika ncha mbili za chini, akazipachika, akaivuta zipu kiasi cha ukucha, kisha akamwachia mtoto aimalizie hadi juu. Baada ya siku chache alipachika tu bila kuvuta. Sikumbuki aliongea nini, kama aliongea.

Historia ya elimu ya awali ilipitiwa kwa haraka: Froebel na bustani yake ya watoto ya mwaka 1840 huko Ujerumani, Montessori na nyumba ya watoto aliyoifungua mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, na Malaguzzi na shule za awali za mji wa Reggio Emilia, Italia, baada ya Vita Kuu ya Pili. Sina la kulaumu hapo, isipokuwa kwamba meza na viti vya kimo cha mtoto, ambavyo Montessori alivishikilia sana, havikuwa na uzito wowote kwetu mpaka mkufunzi mmoja alipotuamuru sote, watu wazima ishirini na kitu, tukipite chumba cha watoto kwa magoti. Kwa magoti niligundua kwamba picha zote za ukutani zilikuwa zimebandikwa kwa ajili ya wageni. Rafu ya vitabu ilinionyesha migongo ya vitabu, si majalada. Ndoo ya mbao za kujengea, niliyokuwa nikijiuliza kwa nini haiguswi, ilifichwa na mlango kila unapofunguliwa. Baada ya hapo tulipewa kipimo cha mazingira ya watoto kilichobuniwa na Thelma Harms na Richard Clifford, chenye alama 1 hadi 7, na kwa mara ya kwanza fomu ilikuwa na maana, kwa sababu magoti yalikuwa bado yanauma.

Upungufu mkubwa kuliko wote ulikuwa chumba cha watoto wachanga. Kozi ilijitangaza kuwa ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, lakini karibu mafunzo yetu yote ya vitendo yalikuwa na watoto wa miaka minne na mitano, kwa sababu huko ndiko nafasi zilikopatikana kwa urahisi. Kubadilisha nepi tulijifunza kwa mwanasesere. Mwanasesere hajipindui ukiwa umeshika kitambaa kwa mkono mmoja, hanyakui chupa ya mafuta, na wala hakutazami usoni akisubiri umwambie jambo, jambo ambalo ndilo kiini cha shughuli yenyewe. Niliyekuwa nimewahi kufanya kazi nililijua hilo, lakini wenzangu waliotoka moja kwa moja shuleni walihitimu wakiwa wamekaa wiki moja tu na watoto wasiojua kusema, kisha baadhi yao wakaajiriwa katika vyumba hivyohivyo.

Pengo hilo liliathiri hata mafundisho kuhusu kushikamana kwa mtoto na mlezi wake, ambayo yangeweza kuwa sehemu yenye nguvu kuliko zote. Tulisoma Bowlby, mwasisi wa nadharia hiyo, tukasoma jaribio la mwenzake Mary Ainsworth ambamo mtoto wa takriban mwaka mmoja huachwa kwa muda mfupi katika chumba kigeni, kisha mzazi hurejea. Kabla ya hapo nilikuwa nikipima hali ya mtoto kwa ukali wa kilio chake asubuhi wakati wa kuachana. Ainsworth aliupa uzito wa pekee wakati wa kurudi: je, mtoto humwendea mzazi, hutulia akishikwa, na kisha hurudi kwenye mchezo? Hilo lilinifanya nianze kutazama mlango jioni kwa makini kuliko asubuhi, na nimejifunza mengi. Tatizo ni kwamba hatukuonywa vya kutosha kwamba utaratibu ule hufanywa na watu waliofundishwa kuupima, katika chumba kilichoandaliwa, si na mwanachuo aliyesimama kizingitini. Ndani ya wiki mbili darasa letu lilijaa watu wanaowabandika watoto majina. Nilisikia mtoto wa miezi kumi na mitano akiitwa "mkwepaji", jina la mtoto ambaye katika jaribio hilo humwepuka mzazi anaporejea, kwa sababu alikuwa amesinzia mama yake alipofika.

Kuhusu wazazi kwa jumla, chuo kilitumia mihadhara minne. Ninalitaja hili pamoja na jambo jingine ambalo wakufunzi wetu walilipenda sana, yaani utafiti wa shule ya awali ya Perry uliofanyika Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani, kuanzia mwaka 1962. Watoto 123 walihusika, 58 wakapata mafunzo ya awali na 65 hawakupata, na wamefuatiliwa hadi utu uzima. Tulitajiwa utafiti huo katika masomo matatu tofauti kama ushahidi kwamba kazi yetu ina thamani. Ambacho hakikutajwa hata mara moja, na nilikisoma mwenyewe, ni kwamba walimu wa mradi ule walikuwa na watoto wachache sana kila mmoja, na kila wiki walimtembelea mtoto nyumbani pamoja na mzazi wake kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Chuo kinachojivunia matokeo ya Perry kisha kinawapa wazazi mihadhara minne kimechukua nusu ya hesabu.

Nililipia pengo hilo mwezi wa tatu wa kazi. Tulikuwa tumekariri orodha za hatua za makuzi vizuri, na nilitambua kwamba mtoto mmoja wa mwaka na nusu hageuki akiitwa jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole, na hatumii ishara kuomba. Kujua nilijua. Kumwambia mama yake sikujua. Nilimwambia mlangoni, watu wakipita, kwa maneno ya kwenye orodha, naye hakumleta mtoto kwa siku nne. Mkuu wa kituo ndiye aliyerekebisha mambo: alimwalika mama, akamkalisha, akamuuliza kwanza yeye mwenyewe ameona nini nyumbani, kisha akamsomea kurasa za daftari langu bila kuongeza neno. Mama alianza kueleza mwenyewe. Mazungumzo ya namna hiyo yangeweza kufanyiwa mazoezi darasani, wawili wawili, kwa mchana mmoja tu.

Tathmini ya mafunzo kwa vitendo nayo ilikuwa na upofu wake. Msimamizi kutoka chuoni alinitembelea mara mbili, akakaa nyuma, akakagua andalio la somo na zana za kufundishia, akahesabu malengo mahususi, akaondoka kabla watoto hawajatoka nje. Nilipata alama nzuri kwa kadi nilizokata na kupaka rangi usiku kucha. Hakuna aliyenipima namna ninavyomsikiliza mtoto, wala muda ninaowakalisha, ingawa darasani tulikuwa tumefundishwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaosema mtoto wa miaka mitatu na minne ahitaji walau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku. Siku ya ukaguzi watoto wangu walikaa vitini dakika 50 ili zana zangu zionekane.

Muhula mmoja wa nadharia ulifanyika kwa intaneti na sina ugomvi nao, kwani sera, usalama, lishe na uendeshaji wa kituo husomeka vizuri hivyo, hasa kwa aliye kazini. Sauti ya kumtuliza mtoto anayelia haisomeki hivyo, na chuo kinachotaka kuhamishia huko hata mafunzo ya vitendo nisingekifikiria.

Kwa anayetafuta ajira, stashahada ilinitoa usaidizi na kunipa chumba changu mwenyewe. Wenzangu wengine wameingia katika madarasa ya awali ya shule, miradi ya familia na usimamizi wa vituo, na wawili wanaendelea na shahada. Kabla ya kujisajili, ningeshauri mtu aulize mambo ambayo vipeperushi havisemi: mwanachuo hukaa saa ngapi na watoto, wa umri gani, na ni nani humtazama akiwa nao na kumweleza alichokiona. Ofisi ya udahili ikikujibu kwa kukuonyesha majengo, uliza tena.

Nimewaandikia wakufunzi wangu karibu haya yote. Mmoja amejibu kwamba kundi linaloanza sasa limepangiwa wiki sita katika chumba cha wachanga, na kwamba kurasa za Vygotsky zitasahihishwa. Msaidizi wangu wa sasa yumo katika kundi hilo. Juzi alirudi na ukurasa wake wa kwanza wa dakika 10, ukiwa na wino mwekundu mahali saba.